Koti la Baridi Lililozunguka Ulaya Mwezi wa Julai

Rafiki yangu hajui kusema hapana. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka sita kabla hatujapanda ndege, kwa hiyo wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Tulikutana kwenye mafunzo ya usaidizi wa wauguzi, Wakenya wawili tuliokaa safu ya nyuma kwa sababu tulichelewa siku ya kwanza. Baadaye yeye alipata kazi hospitalini Maplewood, mimi nikapata kwenye nyumba ya kutunzia wazee Roseville. Katika maisha yetu yote ya Minnesota, Marekani, hatukuwa tumekwenda popote isipokuwa kazini, kanisani na nyumbani Kenya kwa mazishi. Basi majira ya joto ya mwaka 2014 tukaomba likizo wakati mmoja. Wiki mbili, miji saba ya Ulaya, kwa treni, mabegi mgongoni kama vijana. Niliandika kila kitu kwenye daftari: saa ya treni, mahali pa kulala, kitu cha kutazama. Roma, Firenze, Milano, Zurich, Cologne, Brussels, na mwisho Paris, ambako ningekaa siku tatu nzima. Paris ndiyo niliyokuwa nikiitamani tangu shule ya msingi.

Hata mazoezi tulifanya. Mwezi wa Machi theluji ilikuwa bado imejaa njiani, kwa hiyo tulikwenda kutembea ndani ya maduka makubwa ya Roseville, kila mmoja na pakiti za mchele begini ili tuzoee uzito. Mimi nilivaa raba. Yeye alivaa ndara, na mzunguko wa pili akaketi karibu na duka la mito ya kulalia akasema miguu yake imeelewa somo.

Kosa lake kubwa ni kuutangaza mpango wetu kanisani. Jumapili iliyofuata watu walimsubiri kwenye maegesho. Huyu ana binamu Milano, yule ana sista Roma, mwingine ana shemeji Cologne. Kila mmoja alikuwa na kifurushi kidogo tu. Mwishowe akaja mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, aliyefika Saint Paul, mji jirani, kutoka kambi ya wakimbizi. Alibeba koti. Si koti la mvua, ni lile koti letu la Januari lililojazwa manyoya ya bata, refu hadi magotini, rangi ya zambarau.

"Binti zangu," alisema, "mdogo wangu yuko Brussels. Tulipotezana wakati wa vita. Sasa tunaongea kwa simu tu. Analalamika baridi."

Nilitaka kumwambia kwamba tunasafiri Julai, na kwamba Brussels kuna maduka. Rafiki yangu alikuwa ameshalipokea na kulikumbatia.

"Mama, usijali," alisema. "Litafika."

Halikuingia begini. Alilifunga nje kwa kamba, na kuanzia hapo kila alipogeuka ndani ya behewa koti liligeuka naye na kumpiga mtu usoni. Roma kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Tulipanda ngazi, tukapanga foleni, tukatokwa jasho, na hilo zambarau nyuma yake kama mgonjwa aliyebebwa. Watalii walitupiga picha. Mchana ambao daftari langu lilisema tuone magofu, tulikuwa kwenye nyumba ya watawa nje kabisa ya mji tukimkabidhi sista majani ya chai na kunywa chai hiyo hiyo. Milano hatukuona kanisa lile maarufu ila kwa dirisha la basi, kwa kuwa binamu wa mtu alikuwa amepika ugali, na ugali ukipikwa kwa ajili yako huondoki.

"Tumetoka Minnesota kuja kula ugali Milano," nilimwambia tukiwa stesheni.

"Lakini ulikuwa mzuri."

"Sikuja kuonja ugali!"

"Aki dada, si uliongeza mara mbili?"

Nilikuwa nimeongeza mara mbili. Hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Zurich kulitokea jambo ambalo sikumwambia kwa muda mrefu. Tulishuka kwenye treni kwa haraka, naye alikuwa amelifungua koti na kuliweka kwenye rafu ya juu. Nilipokuwa mlangoni nikageuka nikaliona pale juu, limelala. Nikanyamaza. Nikashuka, nikatembea hatua labda ishirini kwenye platifomu, nikihisi mwili mwepesi, nikijiambia kwamba si mimi niliyeahidi. Kisha yeye akajipapasa mgongoni, akapiga ukelele na kukimbia kurudi. Alitoka na koti dakika moja kabla milango haijafungwa, anahema, anacheka, ananiambia, "Mungu ni mwema, karibu tulisahau!" Nikasema ndiyo, karibu tulisahau.

Tulipofika Brussels alikuwa amebaki yule mdogo wake mama wa Uvira peke yake, na treni yetu ya Paris ilikuwa saa tisa alasiri. Tulikwenda asubuhi kwenye anwani iliyoandikwa kwenye karatasi. Mlango ulifunguliwa na mzee asiyejua Kiingereza, Kiswahili wala Kifaransa, akatuonyesha kwa mikono kwamba mwanamke huyo alihama. Tulipiga simu, haikupokelewa. Tukapiga tena, na tena. Mwanamke wa saluni iliyokuwa upande wa pili wa barabara, Mkongo, ndiye aliyetuambia kwamba alihamia mtaa wa nyuma, ghorofa ya nne, na kwamba kwa saa hizo yuko kazini, anafanya usafi hospitalini, na simu hubaki kabatini.

"Basi tuliache hapa saluni," nilisema.

"Hapana."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilimtazama nikadhani hakunielewa.

"Treni ni saa tisa," nilisema. "Tiketi za treni hii hazibadilishwi. Hosteli ya Paris inatungoja."

"Nenda. Mimi nitamngoja."

"Nitakwendaje peke yangu? Wewe ndiye uliyesoma Kifaransa!"

"Basi kaa."

Nilikaa. Tuliketi kwenye ngazi za jengo lile la mtaa wa nyuma, ghorofa ya nne, mabegi miguuni na koti katikati yetu. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita, nami nikaisikia ikipita, kwa sababu kengele ya kanisa moja jirani iligonga. Nilimwambia mambo mengi pale ngazini. Nilimwambia kwamba anapenda kupendwa. Kwamba anatoa ahadi halafu mimi ndiye ninayebeba. Kwamba Paris nimeingoja tangu nikiwa darasa la tano. Yeye alikuwa akimenya chungwa, akanipa nusu, nikalikataa, akaliweka juu ya begi langu.

Mwanamke yule alipanda ngazi saa kumi na nusu, polepole, anashika ukuta. Nilitarajia msichana, sijui kwa nini. Labda kwa vile dada yake alimwita mtoto mara nyingi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mnene, mrefu kunipita, na mvi mbele ya kichwa. Rafiki yangu alisimama na kumweleza tumetoka wapi na tumetumwa na nani. Mwanamke akaketi pale pale kwenye ngazi, chini yetu, akalichukua koti kwa mikono miwili.

Kisha akasimama akajaribu kulivaa. Mkono mmoja uliingia hadi kiwiko, ukakwama. Lilikuwa koti la msichana wa miaka kumi na sita.

Aligeuza lebo akasoma kipimo, akaanza kucheka. "Dada yangu anazani niko mutoto bado," alisema. "Alinunua ya yule mutoto wa siku ile." Akajitupia koti mabegani kama shuka, mikono ya koti ikining'inia mitupu, akacheka mpaka ikawa kilio, na rafiki yangu akashuka ngazi mbili akamshika. Mimi nilibaki juu na nusu ya chungwa. Niliwaza rafu ya treni kule Zurich, nikaona aibu iliyonipandisha joto masikioni.

Alitupikia samaki kwa ndizi na kutulaza kwenye godoro sebuleni. Paris tuliiona siku mbili baadaye, tulipopata tiketi nyingine, kwa muda wa saa tano tu, mvua ikinyesha, kati ya treni na ndege. Ule mnara wake maarufu niliuona hadi katikati. Juu kulikuwa na mawingu. Rafiki yangu alisema umependeza. Sikuzungumza naye hadi tulipokuwa juu ya bahari, na hata hapo nilimwomba tu anipishe niende chooni.

Juma tulilorudi, mama wa Uvira alikuja Maplewood kwa rafiki yangu na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Niliitwa nami nikaenda nikiwa nimechoka, na shifti yangu ilikuwa alfajiri ya kesho yake. Rafiki yangu alianza kusimulia, na kama kawaida yake alichanganya kila kitu: ghorofa ya tatu, samaki wa kukaanga, eti tulingoja nusu saa.

"Ghorofa ya nne," nilisema. "Na tulingoja saa sita."

Mama akanigeukia. "Lilimtosha?"

"Alilivaa hapo hapo, Mama," nilijibu, na rafiki yangu akainamia sahani yake.

Akataka kujua zaidi. Nyumba ni kubwa? Anakaa na nani? Anatembeaje? Nilimwambia kuna vyumba viwili, na pazia la kijani, na redio juu ya friji inayozungumza Kifaransa siku nzima. Nikamwambia anapopanda ngazi hushika ukuta kwa mkono wa kushoto, na akicheka hufunika mdomo.

"Hufunika mdomo," mama alirudia. "Ndiyo. Na samaki, aliweka nyanya nyingi?"

"Nyingi sana, Mama."

"Endelea," alisema, akanisogezea sufuria.