Kope za Kalunde

Mwaka nilioanza kazi hospitalini Tabora ulikuwa mwaka wa michembe, yaani viazi vikavu. Vita ya Hitla ilikwisha, wanaume wakarudi, lakini mvua haikurudi. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Kutoka kwetu Tura mpaka Tabora mjini watu walikula viazi vikavu asubuhi, viazi vikavu jioni, mwenye bahati akapata karanga za kusindikizia. Tulitafuna mpaka mataya yakauma. Anayetaka kujua umri wangu aanzie hapo, maana tarehe sina. Misheni nilisoma kidogo tu, nikajua kuandika jina langu na yanayofuata baada ya jina.

Siku ya kwanza nilipewa gauni jeupe lililonipwaya, ndoo, na kipande cha sabuni ya mche. Sista Mkuu, mzungu mrefu mwenye sauti ya kengele, alinyoosha kidole uvunguni mwa kitanda. "Utaanzia huko," akasema. "Ukiujua uvungu, utaijua wodi." Nikapiga magoti nikasugua. Aliporudi aliinama, akatazama, akaondoka bila neno. Wenzangu wakaniambia kwamba kwake huyo, kunyamaza ndiyo sifa. Basi mimi nilinyamaziwa miaka yote, na hakuna mhudumu aliyenyamaziwa kama mimi.

Wahudumu hatukuwa wauguzi. Juu yetu alikuwako dresa, mwanamume aliyefunzwa kufunga vidonda na kuchoma sindano. Juu ya dresa Sista Mkuu, na juu ya wote Bwana Daktari. Sisi tulitandika, tulifua, tuliwageuza wasioweza kujigeuza ili mgongo usiote vidonda. Na tulilisha. Msione kulisha ni kazi ya kitoto. Mgonjwa dhaifu humlishi akiwa chali. Unamwinua, unampa tonge dogo, kisha unatazama koo, si mdomo. Mdomo hudanganya, koo halidanganyi.

Mimi ni Mgogo, na Tabora ni kwa Wanyamwezi, watani wangu. Zamani walipita kwetu na mizigo ya misafara vichwani, wakagombana na wazee wetu kwa maji na chakula, wakapatana, na utani ukabaki. Mtani humtukana mtani wake naye hucheka. Akifa, wewe mtani unasimama matangani, unavaa nguo zake na kumwiga alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Kwa kuiga, hapakuwa na wa kunishinda. Nilikaa Cheyo, hapo hapo Tabora mjini, lakini nilifuatwa kutoka mbali.

Kalunde aliletwa na mama mkwe wake kwa treni kutoka Usoke. Alikuwa bado kijana, mrefu, mweusi wa kung'aa. Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu ya macho, na alishikilia taya kwa kidole kama mtu anayewaza jambo kubwa. Mama mkwe hakungoja kuulizwa.

"Huyu si mgonjwa, ni jeuri," alimwambia Sista Mkuu mbele ya wodi nzima. "Ananitazama hivi, mnaona? Nusu jicho! Kila nikisema naye, nusu jicho. Asubuhi analima kuliko wanaume, jioni hawezi kusonga ugali. Uvivu gani huo wenye saa? Juzi alipiga magoti kunisalimu mbele ya wageni, akagoma kuinuka. Mpaka akainuliwa kama gunia! Mwanangu kanibembeleza, nikasema haya, nimlete. Wakisema ni mzima, anarudi kwao."

Kalunde alitaka kujibu. Alianza vizuri, kisha sauti ikapanda puani, ikanyong'onyea, ikazimika kabla sentensi haijafika mwisho. Akatabasamu, lakini mdomo ukageuka kama anayekenua meno. "Na sasa ananicheka," mama mkwe akasema.

Nikampokea kitandani. "Mnyamwezi," nikamwambia, "mizigo ya watu mmetua zamani, wewe kilichokuchosha nini?"

"Nimechoshwa," akajibu polepole, akiinua kope kwa kidole anione, "na harufu ya Mgogo." Hapo nikajua nimepata mtu.

Nilipomlisha, tonge la kwanza lilishuka, la pili likashuka, la nne likakaa mdomoni kama jiwe. Maji yalirudi puani. Nikamwambia dresa, dresa akamwambia Bwana Daktari. Yeye alikuja mwenyewe akavuta kiti.

"Kalunde, tazama dari. Usishushe macho mpaka nikuambie."

Akatazama. Kope zikaanza kushuka taratibu, yeye mwenyewe akipigana nazo, jasho likimtoka, mpaka zikafunga. Bwana Daktari alimwambia dresa alete dawa yenye jina refu. Sisi baadaye tuliiita sindano ya kope. Akachoma, tukangoja muda kama wa kuchemsha chai.

Macho yakafunguka. Yalikuwa makubwa, Mungu wangu! Akatazama wodi yote, akanitazama mimi, kisha akamtazama mama mkwe wake. Akashuka kitandani, akapiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, mama."

Akainuka mwenyewe, bila kushika kitu.

"Marahaba," mama mkwe akaitikia. Kisha akamgeukia Bwana Daktari. "Mpige nyingine. Mpige nyingi abaki hivyo hivyo."

Bwana Daktari akamweleza kwamba dawa ile huja na kuondoka, na ikizidi huua. Kweli, chakula cha jioni kilipofika kope zilikuwa zimeshaanguka. Tangu hapo kazi yangu ilikuwa kuleta chakula kwa wakati: sindano kwanza, kisha uji, kabla nguvu hazijaondoka. Jikoni walinilalamikia sana. Niliwaambia walalamike huku wakipakua.

Kisha Bwana Daktari akaona kitu shingoni, pale kwenye shimo juu ya mfupa wa kifua. Kalunde alipokunywa maji aliweka vidole viwili hapo, akabonyeza. Palikuwa na uvimbe kama yai la kanga.

"Hilo ni rovu," mama mkwe akasema. "Kwetu wanalo wengi, na wanapika."

"Si rovu, mama," Bwana Daktari akajibu. "Kuna tezi ambayo kila mtoto huzaliwa nayo, nyuma ya mfupa huu. Akikua, husinyaa. Ya Kalunde haikusinyaa, na kipande chake kimekaa shingoni, kimeota uvimbe. Ni jambo la nadra. Mimi nimelisoma, sijapata kuliona. Wenye uvimbe huo mara nyingine misuli yao huchoka hivi. Kwa nini, hatujui. Lakini wapo waliokatwa wakapata nafuu."

Siku hizi mjukuu wangu muuguzi amenieleza lililobaki. Tezi ile, anasema, ni kama shule ya askari wa mwili. Ikiharibika, askari hutoka hawamjui adui, wakaipiga misuli ya mwenye nyumba.

Kukatwa kwenyewe kulikuwa Dar es Salaam. Mama mkwe akasimama. "Koo hukatwa mbuzi! Twende nyumbani."

Bwana Daktari hakumlazimisha. Alimgeukia Kalunde. "Sikufichi. Unaweza usiamke. Pumzi nayo ni kazi ya misuli."

Sindano ilikuwa bado ina nguvu, kwa hiyo Kalunde alisema mpaka mwisho. "Mama, kama nikirudi nyumbani hivi, kila siku utaniona ninakudharau, nami sikudharau. Afadhali koo likatwe." Mama mkwe alikaa chini, akafunga upya kanga yake ambayo haikuwa imefunguka. Hakusema ndiyo, lakini hakusimama tena.

Nilimsindikiza stesheni. "Ukifa nitakuja kukuiga," nikamwambia.

"Uniige vizuri. Kope zote mbili. Na usisahau kidole cha taya, Mgogo, maana nyinyi kwa ukosefu wa akili!"

Alirudi na kovu shingoni kama mkufu. Hakupona kikamilifu, alimeza vidonge mpaka mwisho, na siku za uchovu jicho moja lilining'inia. Lakini alisonga ugali na alizaa. Kila baada ya tumbaku kuuzwa alikuja kwangu Cheyo na karanga kikapuni, akakaa mlangoni akisema tangu mchana mpaka jua linazama, na sauti haikuzimika. Nilizoea kungoja pale ilipokuwa ikizimika zamani. Ikipita, nilifurahi kimya kimya. Mpaka leo nikimenya karanga nasikiliza.

Masika moja, wazungu wakiwa bado wanatawala, mafua yakamshukia kifuani huko Usoke. Hakuweza kukohoa. Habari iliponifikia, alikuwa ameshazikwa.

Nikaenda matangani. Mama mkwe wake, mzee sasa, akatoka ndani na kanga ya marehemu na kitambaa chake cha kichwa. Watu wakasogea, wakaacha duara. "Mtani, mwige mwenzio," akasema. "Fanya macho yake. Nataka kuyaona tena, hata yale ya nusu."

Alikuwa analia, naye si mtu wa kulia. Nilishika kanga ile. Ilinuka moshi wa tumbaku.

"Nimewaiga wengi. Huyu simwigi."

Walicheka wakidhani ndiyo mwanzo wa mchezo. Kisha wakaniona sichezi. Nimelaumiwa sana kwa siku ile, hata na Wagogo wenzangu, na hawakukosea: niliinyima maiti haki yake.

Lakini nawaambia. Baba mkwe wangu, naye Mnyamwezi, nilimwiga vizuri mno. Leo nikimkumbuka, simwoni yeye. Najiona mimi na fimbo yake. Sista Mkuu alipoondoka tulimwiga jikoni, naye kaenda vilevile, imebaki sauti yangu. Wote niliowaiga nimewapoteza mara mbili.

Nilistaafu nikiwa na magoti mabovu na jina safi. Naikumbuka wodi asubuhi, sakafu mbichi, mashuka yamenyooka, wagonjwa wananiita Mgogo kabla sijaingia. Hakuna aniitaye hivyo sasa. Watani wangu wengi wamekufa, na vijana huogopa kunitukana, huniamkia tu.

Majuzi alikuja mjukuu wa Kalunde kutoka Usoke, msichana mkubwa, kambeba mtoto waliyempa jina la bibi yake. Akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, picha yake haipo hata moja. Wanasema wewe peke yako ndiye unayeweza. Tuigie kidogo tu, mtoto aone, nami nione."

Nilimtazama. Macho ni yale yale ya Kalunde, makubwa, na hajui.

"Nimewaiga wengi. Huyu simwigi."

"Bibi, nakuomba. Hata sauti tu."

"Nimewaiga wengi. Huyu simwigi."