Fito za Kufungia Ndama

Nakumbuka kelele za bati la kwanza kuingia kijijini kwetu, mwanangu, na ukae vizuri nikueleze, maana tangu umefika unaongea wewe tu. Jirani hivi, jirani vile, hati ya kiwanja ninayo, mwenyekiti wa mtaa nitamwita aje aone. Nimekusikia. Kunywa uji huo kwanza, upumue, halafu unisikilize na mimi.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nimeolewa juzijuzi, hata sauti yangu pale nyumbani ilikuwa haijazoeleka. Marehemu baba yako Yohana alikuwa ametoka Kongwa, kule Wazungu walikokuwa wanalima karanga, akarudi na mabati kwenye mkokoteni wa punda. Yalikuwa yamefungwa kamba hovyo, yanagongana njia nzima, mbwa wanamfuata. Loo, tulivyojiona! Nyumba zetu zote zilikuwa tembe za paa la udongo, mvua ikizidi unahamisha kitanda. Unadhani bati lile alilipandisha juu ya nyumba? Wapi! Akasema anarefusha banda la ng'ombe. Nikamwuliza, "Kwa hiyo ng'ombe walale pakavu, mimi ninyeshewe?" Akacheka, akanijibu, "Ng'ombe ndio waliokuleta hapa, waheshimu." Na kweli, mahari yangu ilikuwa ng'ombe.

Sasa shika vizuri habari ya banda lenyewe. Babu yako ndiye aliyelijenga. Ukuta wake mrefu wa udongo ulianzia karibu na mlango wa jirani yetu, Mzee Ndahani, ukanyooka mpaka karibu na uwanja wetu, na mwisho wake paliachwa uwazi wa kupita watu. Mzee Ndahani na babu yako walikuwa marafiki tangu wanachunga mbuzi. Babu yako alipofariki, mzee hakuacha kuja. Kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, utasikia "Mbukwenyi!" nasi tunaitikia salamu, anakaa kwenye kigoda cha babu yako, anapewa maziwa ya mgando, anaanza kumsema baba yako kwamba hajui kuchonga miti wala kukama. Mkewe alikwisha kufa. Mwanawe wa pekee alikuwa Tanga, kwenye mkonge, na hajarudi. Mzee yule kwake palikuwa kimya kabisa, mwanangu. Kuishi kwake kulikuwa ile jioni ya kwetu.

Baba yako alijenga wakati mzee analala ndani na homa. Nilimwambia, "Mwambie kwanza." Akasema, "Anaumwa, nitamwambia akipona." Nawe unajua maneno ya namna hiyo, maana ndiyo uliyonipa leo: jirani alikuwa amesafiri. Basi akachomeka nguzo za mgunga, akapandisha bati, akaziba ule uwazi wote. Aliyetaka kuja kwetu ikabidi azunguke nyuma, kando ya shimo tulilochimba udongo wa kukandika kuta. Sisi tukasema ni hatua chache tu, nani atalalamika?

Mzee alipopona akatoka, akafika mwisho wa ukuta, akasimama. Nilikuwa napepeta uwele uwanjani, nikamsikia anaita, "Yohana! Umefanya nini hapa?" Baba yako akajibu kwa furaha, akidhani anasifiwa, "Bati, baba! Ng'ombe hawatalowa tena." Mzee akasema, "Vunja." Basi. Hakueleza, hakubembeleza. Baba yako damu ikamchemka. Akasema kiwanja ni cha baba yake, ng'ombe ni wake, na bati amelitolea jasho. Walirushiana maneno pale ambayo siwezi kuyarudia mbele yako, na mzee akaondoka amepiga fimbo chini.

Kesho yake akaenda kushtaki kwa jumbe. Amri ilijulikana: ukitaka kujenga panapogusa njia ya mwenzio, umwambie yeye kwanza, kisha jumbe. Baba yako hakuwa amemwambia yeyote. Jumbe akapeleka ujumbe kwamba atakuja kutazama kwa macho yake. Kijijini wakasema mzee ana wivu wa bati. Hata mimi nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Lakini jioni ikawa mbaya. Kigoda kilikaa kitupu, maziwa tukabaki nayo, na baba yako, pamoja na ubishi wake wote, kila mara aligeuza shingo kutazama upande ule.

Asubuhi moja nilikuwa nakwenda kuchota maji, nikamkuta Mzee Ndahani amekaa ndani ya lile shimo la udongo. Amekaa kabisa, goti limechubuka, fimbo iko mbali naye. Nikasimama mbele yake, karibu kama ulivyo wewe na mimi sasa. Akageuza uso huku na huku, akauliza, "Nani?"

Yaya wee! Nikasema, "Shikamoo baba, ni mimi, mke wa Yohana." Akaitikia marahaba, akasema haraka haraka kwamba anatafuta mwana mbuzi aliyepotea. Nikamwokotea fimbo, nikamnyooshea. Mkono wake ukapita pembeni, ukashika hewa.

Vikope unavijua. Kwetu huku ugonjwa ule wa macho umewamaliza wengi: kope zinageuka ndani, zinachoma jicho mpaka linaingia ukungu. Mzee alivaa shingoni kibano kidogo cha kung'olea kope, kama wazee wengi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Hatukujua kwamba jicho lilikwisha kwenda. Siku zote alikuja kwetu kwa mkono. Alikuwa anapapasa ukuta wa babu yako kutoka mlangoni kwake mpaka mwisho, anavuka uwazi, na sauti zetu zinamvuta kwenye kigoda. Nasi tulikuwa tumemzibia.

Nilimtoa shimoni, nikamfuta vumbi. Akanishika mkono kwa nguvu, akasema, "Binti yangu, usimwambie mtu. Watoto wa marehemu kaka yangu wakijua sioni, watakuja wachukue ng'ombe, waseme wananitunza. Mwanangu akirudi kutoka mkonge akute zizi tupu? Niache nimlindie mpaka arudi." Alikuwa analia, mwanangu, mzee mzima, na yale macho. Nikaapa kwamba sitamwambia mtu, hata Yohana. Nikamrudisha mlangoni kwake nimetembea upande wake kama anayepiga soga, ili atakayetuona asishtuke.

Sasa utafanyaje hapo? Nimeapa, na jumbe anakuja kesho. Mbaya zaidi, nikasikia kisimani kwamba wale watoto wa kaka yake wamepata fununu ya mzee kuanguka, nao watafuatana na jumbe kuja kumtazama mjomba — samahani, si mjomba, baba yao mdogo. Ulimi wangu umezeeka. Nikazunguka na siri yangu siku nzima, nikaunguza na ugali.

Alasiri nikamwendea baba yako, anapiga misumari ya mwisho. Nikamwambia, "Nina ombi moja. Fumba macho, uende kwa Mzee Ndahani. Usifumbue mpaka ufike." Akaniangalia kama nimepandwa na wazimu. Nikamwambia, "Sijakuomba kitu tangu nimekuja hapa. Hata bati nilikuachia." Akacheka, akaweka nyundo chini, akafumba.

Nilimtazama. Alishika nguzo zake, akapapasa, ncha ya bati ikamkata kiganja. Akatukana kidogo, akaendelea. Akazunguka nyuma, mikono mbele, miguu inasita, mpaka udongo wa ukingo wa shimo ulipoanza kumomonyoka chini ya kidole chake. Pale akasimama. Alikaa vile muda mrefu, macho bado amefumba, damu inamdondoka mkononi. Alipofumbua hakunitazama mimi, alitazama mlango wa mzee. Sikumwambia neno, wala yeye hakuniuliza.

Akaenda moja kwa moja. Mimi nikafuata na kibuyu cha maziwa, nikajifanya ndicho kilichonipeleka. Nikamkuta amepiga magoti, anasema, "Baba, nimekosa. Nisamehe." Mzee akasema maneno ambayo baba yako alikufa nayo, nami nayatunza mpaka leo. "Baba yako alipotaka kujenga ukuta ule alinijia kwanza. Hakuja kuniomba ruhusa, kiwanja kilikuwa chake. Alikuja kuniuliza, Ndahani, wewe unapita wapi? Tukatembea pamoja, mimi mbele, yeye nyuma, na pale nilipokanyaga hakuweka kitu. Wewe umenipita nimelala." Hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga, maana baba yako alitoka pale anafuta uso kwa mkono uleule wenye damu, nikamkuta amejichafua kama mtoto.

Hakulala mapema siku ile, na alfajiri alikwisha kuanza. Akang'oa nguzo zilizoziba uwazi, akaacha ujia chini ya bati. Akafukia shimo. Halafu akachukua fito, akazifunga mfululizo kwa kamba kwenye vigingi, kuanzia pale ukuta wa babu yako ulipoishia mpaka hapa uwanjani, karibu na kigoda. Alizilainisha kwa kisu, kila kifundo, asiachie hata kijiti cha kuchoma. Aliyemfundisha kuchonga miti alikuwa Mzee Ndahani mwenyewe.

Jumbe akaja jioni, na wale watoto wa kaka yake nyuma yake, wanatazama zizi la mzee zaidi kuliko walivyotazama banda. Tukasikia "Mbukwenyi!" Mzee akatokea, kichwa juu, mkono wake unateleza juu ya fito kama anayekagua kazi ya fundi. Katikati ya ujia akasimama, akazigonga kwa kidole.

"Yohana, fito hizi za nini?"

"Za kufungia ndama, baba."

Mzee akapima kwa kiganja. Zilimfika kiunoni. Akasema, "Mna ndama warefu."

Watu walicheka! Jumbe alicheka, wale vijana wakacheka, baba yako akacheka huku machozi yanamtoka, akasingizia moshi. Mzee akafuata fito mpaka mwisho, akageuka, akaketi kwenye kigoda bila kukosea. Jumbe akauliza kesi iko wapi. Mzee akasema, "Kesi gani? Kunywa maziwa." Vijana wakakaa wamekunja miguu, wakasubiri waone kitu, hawakuona, wakaenda zao na hawakuondoka na hata mbuzi. Mwanawe alirudi kutoka Tanga wakati wa mavuno, akakuta zizi limejaa, na baba yake yuko kwetu anamsema Yohana.

Na hakuna aliyewahi kufunga ndama pale, mwanangu. Hata mmoja.

Basi sikiliza. Hati yako ni ya kweli, sikatai, na ghala lako la mahindi huko Ihumwa ni zuri, nimeambiwa. Lakini ukuta ukishasimama unaona ulichojenga, huoni ulichoziba. Jirani yako anapiga kelele, nawe unahesabu kelele zake. Huenda anachokosa ni kitu ambacho aibu inamzuia kukitaja mbele za watu. Usimngoje mbele ya mwenyekiti. Nenda kwake leo, mikono mitupu, umwulize lile swali la babu yako: wewe unapita wapi? Kisha tembea nyuma yake uone. Na siku nyingine ukitaka kujenga, uulize kabla ya kuchimba, hata kama mwenzio anaumwa, hata kama amesafiri. Atapona, atarudi.

Nawe umeniona asubuhi nikija kukupokea, nimeshika zile fito. Ulidhani nimechoka miguu. Miguu ni mizima, mwanangu, ni macho. Baba yako alikuwa anazibadilisha kila zikiliwa na mchwa, na tangu afe nimekuwa nikizibadilisha mwenyewe kwa kupapasa. Usilie, nyanyua uso. Kabla hujaondoka utanifungia mbili pale katikati, zimelegea.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu akupe nyumba isiyomfungia mtu njia. Akupe watoto wanaouliza kabla ya kuchimba. Na siku macho yako yatakapochoka kama haya yangu, ukinyoosha mkono gizani, ukute jirani alikwisha kukuwekea fito.