Mgono wa Mwalimu Oundo

Mwalimu Oundo hakuwa na cheti. Alisoma mpaka darasa la nne, akarudi kwao ukingoni mwa Mto Sio, akafundisha watoto wa Wasamia miaka kumi na mitatu chini ya paa la nyasi. Kitabu chake cha hesabu kilikuwa kimoja, na mchwa walikuwa nacho pia. Kwenye ukurasa wa kubwa na ndogo waliacha alama zenyewe tu, < na >. Maelezo waliyala yote.

Oundo akazitazama siku nzima, mpaka akamkumbuka marehemu baba yake, mvuvi. Kumbe huu ni mgono, akawaza, ule mtego wa matete wenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Samaki hujazana wapi? Mkiani. Basi penye ncha ndipo penye wingi. Akaandika ubaoni 4 > 9, na watoto wakashika upesi, maana nani kwao asiyeujua mgono?

Mwaka 1951 mwanafunzi wake wa kwanza akafikia mtihani wa kuingia shule ya misheni, upande wa Tororo. Alikuwa Nangila, binti wa mjane Benedeta. Walitembea siku mbili. Nafasi ya wasichana ilikuwa moja.

Mlango wa chumba cha mtihani ulipofungwa, Oundo alikaa barazani na Ekaju, mwalimu mwenyeji. Darasa la jirani lilikuwa wazi, na ubaoni pameandikwa 9 > 4. Akauliza polepole kama aliyeandika hakukosea.

Ekaju alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mwalimu, mdomo huelekea kwa mkubwa. Hata wewe mgeni, chakula kikija, utaipa kisogo sahani iliyojaa?"

Oundo akainuka. Ekaju akamshika mkono, akamweleza kwa upole kwamba mwalimu akitia neno, karatasi ya mtoto huchanwa. Akaketi. Akainuka tena, akaenda hadi dirishani na mkono juu, asijue anataka kuufanyia nini. Nangila akamwona. Akafanya mgono kwa vidole viwili, akatabasamu, akainamia karatasi yake. Ule mkono Oundo akaufutia uso.

Msichana alitoka karibu akikimbia. "Mwalimu, za mgono zilikuwa kumi nzima! Kila moja nimeuelekeza mkia kwa mkubwa. Sijakosa hata moja."

Oundo akachukua kifurushi chao cha viazi, akakitia begani.

"Umeandika kama nilivyokufundisha, mwanangu," akasema. Wakashika njia ya kurudi, yeye akitangulia, asije akatazamwa usoni.