Spea za Kifua cha Baba

Ugonjwa wa baba ulitugharimu nauli za malori, maziwa, mayai, kuku wanne ambao mama anasema walikuwa watatu, na msimu mzima wa maharage ambayo sikwenda kuyanunua Maretadu. Dawa yenyewe haikutugharimu hata senti. Hesabu hiyo nimeirudia, kwa sababu mimi ni mtu wa mnadani na kitu cha bure hunitia wasiwasi. Mara zote mbili ilitoka sifuri.

Baba alikuwa fundi wa karakana kwenye mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Nangwa. Alipoanza kukohoa tulisema ni vumbi la mavuno. Alipotema damu tukaliachia vumbi heshima yake, tukampeleka kupima. Ikaonekana ni kifua kikuu.

Miezi miwili ya mwanzo alidungwa sindano kila siku na kumeza dawa mbele ya nesi. Akanenepa, suruali zikaanza kukaa kiunoni bila kamba. Baada ya hapo akawa anapewa vidonge vya mwezi mmoja kwenda kumezea nyumbani. Mama alikuwa kijijini Daudi akisimamia shamba letu, mimi nilikuwa Katesh na biashara yangu, kwa hiyo baba alijisimamia mwenyewe. Tuliona ni mtu mzima.

Kikohozi kikarudi.

Nililigundua jambo lenyewe siku niliyokwenda kuazima kwake spana ya kukazia mizani yangu. Ndani ya sanduku lake la vifaa, kati ya beringi na nati, kulikuwa na kopo la grisi lililosafishwa vizuri. Nikalitikisa, likalia. Nilipolifungua nikakuta vidonge vimejaa zaidi ya nusu.

"Baba, hivi ni nini?"

"Spea," akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye chai yake.

Ikabidi anieleze, kwa upole, kama anavyomweleza dereva mpya. Matrekta yalikuja mapya yanang'aa, yameletwa na serikali ya nje. Mwaka wa kwanza ukiomba mkanda wa feni unapewa miwili. Baadaye unaomba mmoja, unajibiwa subiri. Sasa kombaini za kuvunia zilikuwa zimelala nyuma ya karakana, zinanyofolewa vyuma ili nyingine zitembee. Na hivi vidonge, je, si wafadhili wale wale? Basi yeye alikuwa anameza nusu na kuweka nusu, ili wakichoka asikwame katikati ya shamba.

Nilitamani kucheka, ila alikohoa kwanza.

Kesho yake nikampeleka zahanati, na kopo lake. Nesi alimsalimia shikamoo, akaangalia ndani ya kopo, akalifunika.

"Mzee, vidudu ukivipa nusu dawa vinaizoea. Vikishaizoea hii, mimi hapa sina nyingine ya kukupa."

"Nani anazinunua?" baba akauliza.

"Serikali yetu, pamoja na serikali za nje zinazochangia."

"Za nje zipi? Zile za matrekta?"

"Hilo sijui, mzee. Mimi naletewa maboksi."

"Hata stoo yetu ilikuwa inaletewa maboksi."

"Ukimeza zote utapona kabla hawajachoka."

Baba akatikisa kichwa. Alitaka dhamana. Nesi akanitazama mimi, na mimi kwenye kupatana bei ndiko ninakoishi. Nikaweka jogoo mezani: siku dawa itakapokosekana, jogoo ni wake. Akaniuliza kama jogoo anaweza kuvuta jembe. Nikapanda hadi beberu.

"Maisha ya baba yako ni beberu?"

"Baba, beberu mkubwa."

"Mtamba."

"Ng'ombe mtamba ninaye mmoja tu."

"Na mimi kifua ninacho kimoja."

Nesi alikuwa anajikaza asicheke, na foleni nje ilikuwa ndefu. Nikakubali mtamba. Nesi akawa shahidi, akachukua kopo, akampima makohozi upya, na majibu yalipotoka akamrudisha kwenye sindano kuanzia mwanzo. Baba hakulalamika. Alimeza kila kidonge kama mtu anayetumaini kushinda kesi.

Masika yalipokuja, barabara ikawa uji mweusi. Baba, aliyekuwa amerudi kwenye vidonge vya mwezi, alifika zahanati akakuta kabati la dawa tupu. Nesi akamwambia dawa ziko wilayani, gari limekwama, na kwa kuwa yeye huwaita wagonjwa kabla vidonge havijawaishia, arudi baada ya siku tatu. Baba akarudi siku ya tatu, akapewa. Hakuruka hata siku moja. Lakini jioni ile ile alimtuma dereva wa lori aje Katesh kuniambia niandae kamba ya mtamba.

Alimaliza dawa, akapimwa, akaambiwa amepona. Siku hiyo nesi alitunywesha chai na kunikumbusha kwamba yeye ni shahidi, bila kusema wa upande gani. Wafadhili wa matrekta kweli walichoka, kama baba alivyosema. Wa vidonge bado wanaleta, na watu wetu wanapona.

Baba sasa yuko Daudi, analima mwenyewe, anapanda mlima bila kupumzika, na anakuja kwangu kila mwezi kudai. Yeye anasema tulipatana juu ya dawa kukosekana zahanati, na kabati aliliona tupu kwa macho yake. Mimi nasema dawa ilikosekana kabatini, tumboni haikukosekana. Mtamba naye hakungoja tumalize, amezaa. Mara ya mwisho baba alimtazama ndama kwa muda mrefu, akauliza umri wake.

Nyie mnaojua mambo ya mapatano, nishaurini. Kama ni haki yake nitampelekea. Ila mniambie pia huyu ndama anahesabiwa ni wa nani, na tafadhali mnijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana kwa miguu yake ya sasa mzee anafika hapa mapema.