Mkwe Hatikisi Kichwa

Ukiingia kwenye lile bucha asubuhi unaweza kudhani halina mtu. Nyama inaning'inia kwenye ndoano, mizani ipo, redio inaongea peke yake, ila mwenye duka humwoni. Usiondoke. Yuko chini. Ukiita, sauti itatoka nyuma ya kaunta, usawa wa goti lako: "Nipo, nipo! Sema, nusu au kilo?" Halafu magoti yanalia ko, ko, na Mzee Bucha anapanda taratibu huku amejishikiza kwenye gogo la kukatia nyama.

Anafanya mazoezi ya kuchuchumaa. Ana miaka sitini na nne, kitambi cha heshima, na ni mdakaji wa timu ya besiboli. Sisemi alikuwa, nasema ni. Jumamosi utamkuta uwanjani.

Najua mnachotaka kusema, wateja wake wameshakisema chote. "Mzee, kwa umri huo, si utakwama huko chini?" Yeye anapangusa kisu tu. "Nikikwama, mpira utanikuta hukohuko."

Ambao hamjui besiboli, nitaeleza mara moja na sirudii. Mtu mmoja anarusha mpira. Mpinzani anasimama na gongo anangoja kuupiga. Nyuma ya huyo mwenye gongo anachuchumaa mdakaji, kavaa kinyago cha chuma na glovu nene kama mto, na kazi yake si kudaka tu. Yeye ndiye anayechagua. Anaficha mkono katikati ya mapaja, anatoa vidole. Kimoja: rusha wa kasi. Viwili: rusha ule wa pole unaozama ukifika. Mrushaji akikubali, anaitikia kwa kichwa. Asipokubali, anatikisa, na mdakaji anachagua mwingine. Hakuna anayenuna. Ni kama kuulizwa chai au kahawa.

Isipokuwa kwenye timu hii. Kwa sababu mrushaji wao kamwoa binti wa mdakaji.

Huyo mrushaji ni fundi umeme, mwenye mkono mrefu na maneno machache, na ligi yenyewe ni ya watu wa miaka arobaini na kuendelea, kwa hiyo yeye ndiye kijana wa timu. Alipokwenda kujitambulisha ukweni, mzee hakuuliza ukoo wala kazi. Aliuliza: "Ulishawahi kurusha kitu kikafika ulikotaka?" Jamaa akasema utotoni alikuwa anaangusha matunda ya jirani kwa mawe. "Mleteeni chai," mzee akasema. Mambo yakaisha hapo.

Tangu siku hiyo jamaa hajawahi kumkatalia baba mkwe kitu chochote. Chochote! Jumapili wakila nyumbani kwa mzee, mzee anamwekea maini. Anamtengea kipande kizuri kuliko vyote, anakishusha kwenye sahani yake kwa mkono wake mwenyewe. Fundi hapendi maini. Hata harufu yake haitaki. Lakini anakula, anatabasamu, anasema "asante baba," na mzee anamwongeza.

Uwanjani ni hivyohivyo. Mzee akitoa kidole, fundi anaitikia. Akitoa viwili, anaitikia. Misimu miwili hajatikisa kichwa hata kwa nzi.

Tatizo ni kwamba mzee ana mtindo mmoja, na haubadiliki. Wa pole, wa pole, wa kasi. Wa pole, wa pole, wa kasi. Mara ya kwanza ulifanya kazi. Sasa hivi kila timu inaujua. Wauza maji pale uwanjani wanaujua. Wapinzani wanaiacha ile miwili ya mwanzo ipite zake, wanajikunja kuungoja wa tatu, halafu paa! Unautafuta mpira kule barabarani.

Na fundi anajua. Ndicho kinachoudhi. Anajua kila mpira utakaopigwa kabla haujamtoka mkononi, na bado anaurusha.

"Hivi wewe ukoje?" mke wake alimwambia wakiwa wanaanua nguo. "Hapa nyumbani unanibishia mpaka rangi ya pazia. Ukifika kule unakuwa kondoo."

"Yule ni baba yako."

"Ni baba yangu, ndiyo. Ana masikio mawili. Mwambie."

"Nimtikisie kichwa mkwe wangu mbele ya watu wote wale? Nionekane mtu gani?"

"Unaonekana mtu gani sasa hivi, unavyopigwa kama ngoma?"

Binti akaamua kwenda mwenyewe. Akamkuta baba yake nyuma ya kaunta, chini, kama kawaida. Akainama, akamwambia ukweli wote hukohuko chini: baba, wameshakujua, badilisha. Mzee hata hakukasirika. Alicheka.

"Mwanangu, mimi nisikilize nani? Mrushaji ndiye anayejua mkono wake. Ningekuwa nakosea, angetikisa kichwa. Amewahi kutikisa?"

"Hajawahi."

"Umeona? Maana yake niko sahihi. Nipe mkono ninyanyuke."

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Baada ya kufungwa mechi tatu mfululizo, nahodha akachoka. Nahodha ni Dereva, mstaafu aliyeendesha mabasi ya safari ndefu maisha yake yote, na anaongea bado kama anashindana na injini. Alikuja bucha wateja wakiwepo.

"Bucha! Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho. Tukifungwa tena, msimu ujao kinyago anavaa mwingine. Wewe utakaa benchi utunze chupa za maji."

Mzee akaacha kukata. "Dereva, kwa hiyo magoti yangu haya nimeyachosha bure?"

"Magoti yako hayana kosa. Ila mpira wako wa tatu unapigwa mpaka na mabibi."

"Mrushaji analalamika?"

"Mrushaji wako akiunguzwa na umeme atauliza kama umeme umeshiba," Dereva akasema, akachukua kilo yake ya mbavu, akaondoka.

Mzee alicheka na wateja, lakini walipotoka alikishusha kinyago chake kutoka kwenye msumari, pale kando ya msumeno wa mifupa, akakipangusa na aproni muda mrefu. Kilikuwa safi tayari. Kusema kweli yule mzee hana kitu kingine. Duka ni kazi. Nyumbani mke wake ameshamzoea kama kabati. Akiwa nyuma ya kile kinyago ndipo watu wazima wanane wanapongoja kidole chake kabla ya kufanya jambo. Chupa za maji hazingoji kidole cha mtu.

Jumamosi ikafika, mpinzani ni timu ya waoka mikate. Na mpigaji wao hatari ni jitu moja linaitwa Hamira, maana huwa linaumuka likishika gongo. Mechi ikaenda kwa kuvutana mpaka zamu ya mwisho kabisa. Timu ya mzee iko mbele kwa pointi moja. Waoka mikate wamebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa, lakini wana wakimbiaji wawili vituoni, wanangoja kukimbilia kituo cha nyumbani wapate pointi. Hamira akipiga vizuri, mechi imekwisha na mzee anahamia kwenye chupa.

Nani anaingia? Hamira huyo, anatafuna kijiti.

"Shikamoo, Mzee Bucha," Hamira akasema bila kugeuka. "Leo unaniuzia nini?"

"Marahaba. Nakuuzia mifupa, mwanangu."

Wa kwanza: vidole viwili. Fundi akaitikia. Mpira wa pole, Hamira akauacha, mwamuzi akasema ni halali. Wa pili: viwili tena. Hamira akauacha tena, halali tena. Kwa wasiojua: ukikosa au ukiacha mipira halali mitatu, unatoka. Bado mmoja. Waoka mikate wote walikuwa wamesimama, wanachekelea, wengine wanaonyesha kidole kimoja waziwazi. Hamira akakunja mikono, akaumuka.

Mzee akatoa kidole. Kimoja.

Fundi akamwangalia mzee. Akamwangalia Hamira. Akafuta jasho kwenye suruali. Kule kwenye mabenchi mke wake alisimama, mikono kiunoni. Na fundi, taratibu, kama mtu anayegeuza kichwa chenye shingo inayouma, akatikisa. Kushoto. Kulia.

Dereva alidondosha kofia. Mzee akatoa kidole kimoja tena, akidhani hakuonekana vizuri. Fundi akatikisa tena.

Mzee akaomba mchezo usimame. Ko, ko, akanyanyuka, akatembea mpaka pale mrushaji anaposimama, akapandisha kinyago.

"Ulikuwa unafukuza nzi?"

"Hapana, baba."

"Umenitikisia kichwa."

"Nisamehe, baba. Wa tatu wanaujua. Watoto wao nyumbani wanaujua."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita."

"Na ulikuwa unaitikia!"

"Wewe ni mkwe wangu."

Mzee akatazama chini, akasawazisha vumbi kwa kiatu. Nani ajuaye kilichopita kichwani mwake; mechi zote zile labda. Aliponyanyua uso alikuwa anamtazama jamaa kama ndiyo mara ya kwanza anamwona.

"Sikiliza we mpumbavu uliyeniolea binti. Ukwe unaishia pale getini. Humu ndani mimi ni mdakaji, na wewe ndiye unayejua mkono wako. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Usiniite baba humu! Unataka urushe nini?"

"Wa pole."

"Mara tatu mfululizo? Hakuna mwehu anayefanya hivyo."

"Ndiyo maana."

Mzee akashusha kinyago haraka, lakini waliokuwa karibu waliona anacheka. Akarudi, akachuchumaa, akatoa vidole viwili. Fundi akaitikia, na kwa mara ya kwanza ulikuwa ni mwitikio wa mtu aliyekubali kweli.

Mpira ukaja unajivuta. Hamira alikuwa ameshaanza kupiga akidhani ni wa kasi. Alizunguka na gongo kama feni, akajitahidi kulirudisha, akaupata mpira kwa ncha tu. Ukapaa juu, moja kwa moja juu, nyuma ya mzee. Mpira wa hivyo ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka.

"Baba, juu!" binti alipiga kelele.

Mzee akatupa kinyago. Magoti hayakulia, au yalilia hakuna aliyesikia. Akarudi nyuma, akayumba, akagonga uzio kwa mgongo, akakaa chini kabisa, miguu mbele kama mtoto anayelishwa, na mpira ukashuka ukamkuta kwenye glovu, juu ya kitambi.

"Nimekwama!" akapiga kelele, ameuinua mpira. "Si nilisema utanikuta hukohuko!"

Watu wanne walimnyanyua. Dereva alikuwa mmoja wao, na alimrudishia kinyago mwenyewe, baada ya kukipuliza vumbi. Hamira alisema bucha hilo linauza kwa kupunja.

Kesho yake, Jumapili, walikula kwa mzee. Mzee, mgongo umefungwa kitambaa, akashika kijiko, akachagua kipande cha maini kikubwa, akakipeleka kwenye sahani ya mkwe wake. Fundi akakitazama kile kipande. Akamtazama mke wake. Akajipa moyo, akatikisa kichwa. Kushoto. Kulia.

Kijiko kikasimama hewani. Mama mkwe akaacha kutafuna.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole kabisa, "pale getini uwanjani tulitoka lini?"

"Jana, baba."

"Basi kula."

Akala.