Orodha ya watu maarufu wa Sapiwi

Leo nimeumbuliwa mkutanoni, tena na mzee niliyemsifia.

Nilikuwa nasoma orodha ya watu maarufu wa hapa Sapiwi, itakayoandikwa ukutani mwa ofisi ya kata.

Wa kwanza nilimweka Mzee Masanja. Ndiye aliyenunua lori la kwanza, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na watu wakatajirika.

Akasimama mwenyewe.

"Futa jina langu. Lori lilizama kwenye tope na pamba yote. Shija ndiye aliyelivuta kwa maksai wake."

Watu wakageuka nyuma. (Mzee Shija alikaa nyuma kabisa, na kandambili zake.)

Nikamwomba Shija jina kamili.

"Andika maksai, mjukuu. Mimi nilishika fimbo tu."

Akawataja maksai wote wanne kwa majina, bila kusita.

Nimewaandika. Sasa kwenye orodha wako juu ya diwani.

Mwenye kupinga aseme hapa.