Malengelenge ya Sururu

Walimwita Sururu kwa sababu akikushika shingo unahisi unachimbwa. Mchana alibeba magogo kwenye karakana ya mbao. Jioni alikwenda ukumbi wa mieleka, chumba kirefu chenye bati lililotoboka na mkeka unaonuka jasho, akawabwaga watu mpaka meno yakagongana. Mwenzake wa mazoezi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Nyumbani walitaniana bila kuchoka. Ukumbini walivunjana mbavu.

Wanamieleka wana ujinga wao, tuseme ukweli. Malengelenge yakiwatoka shavuni au nyuma ya sikio, huyaita busu la mkeka na kujivunia. Sururu alikuwa nayo. Kila alipochoka sana au kupata homa yalirudi palepale, yakimwasha na kumchoma. Amri ya kocha ilikuwa moja: mwenye kidonda hakanyagi mkeka. Lakini siku moja yalimtoka shavuni wakati kocha anachagua mtu wa kwenda mashindanoni, na Sururu aliitaka nafasi hiyo kufa kupona. Akayatumbua kwa pini, akayasugua kwa chumvi huku akiuma meno, akabandika plasta.

"Na hapo je?" kocha akauliza.

"Wembe, kocha. Nilinyoa haraka haraka."

Wakaingia, yeye na shemeji yake. Wakakabana shavu kwa shavu, wakisuguana na kuguna. Plasta ikabanduka mapema, wala hakuna aliyeijali. Kichwa cha Sururu kikagonga unyusi wa kushoto wa mwenzake, ngozi ikachanika, damu ikamwagika. Akamnyanyua, akambwaga puu, akamlalia mpaka pumzi ikamwishia. Nafasi akaipata, akatoka kifua mbele.

Kumbe kwenye ngozi ile iliyochanika pigano jingine lilikuwa linaanza, na hilo halina refa. Kirusi cha malengelenge hakina mikono wala meno, lakini kikipata mchubuko huvamia seli, kikaiteka na kuilazimisha kutengeneza virusi vingine mpaka seli yenyewe ife. Vile vipya huvamia seli za jirani. Vingine hupanda kwenye mshipa wa fahamu na kujificha humo maisha yote, vikingoja mwenye mwili achoke. Vikishahamia, havihami tena.

Siku chache baadaye jicho la kushoto la shemeji likawa jekundu, likatoka machozi, likakimbia mwanga.

"Shemeji, hili jicho linanichoma kama lina pilipili."

Sururu hakujua jina la ugonjwa, lakini alijua plasta ilikuwa inaficha nini. Roho ikamsuta. Lakini akaogopa kuipoteza nafasi yake.

"Vumbi la mkeka tu hilo, shem. Osha na maji."

Shemeji akaosha. Akanunua dawa ya matone dukani, jicho likazidi. Mkewe alipomburuta hospitali, kioo cha jicho kilikuwa kimeshaliwa, kimebaki kovu jeupe. Daktari alisema dawa ya kirusi hicho ipo, ila wamechelewa. Akauliza kama kuna mtu wa karibu mwenye malengelenge.

Dada mtu akaenda moja kwa moja karakanani, akaokota kipande cha ubao, akamchapa Sururu mgongoni mpaka kikavunjika. Mafundi walizima mashine wakabaki kukodoa.

"Neno moja tu, kaka! Ungesema neno moja tu, mume wangu angeona!"

Sururu hakuinua mkono. Habari zikamfikia kocha, akamfuta mashindanoni siku hiyohiyo. Shemeji naye akatuma ujumbe: njoo ukumbini tumalizane.

Alikwenda akiwa ameamua kupigwa. Ukumbini walikuwa wawili tu. Shemeji alimpasua mdomo kwa kichwa, akampiga goti la tumbo, akamkaba koo. Sururu aliona ni haki yake, na kwa kweli alitamani aumie zaidi. Lakini hewa ilipomwishia, mwili ukafanya ulichozoea tangu ujana: ukatafuta upande ulio wazi. Kushoto kwa shemeji. Akazama chini ya mkono wa shemeji, akamnyanyua, akambwaga kwa nguvu zake zote.

Shemeji alilala chali akipapasa mkeka kwa kiganja.

"Sikukuona," alisema. "Shemeji, sikukuona kabisa."

Sururu akazunguka upande wa kulia ili aonekane, akapiga magoti, akalia kwa sauti.